Tulipomsoma Plato kwa Nakala Moja

Waliosoma falsafa katika seminari kuu za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawajasahau harufu ya wino wa saiklostaili. Jaalimu alipiga stensili kwa taipureta usiku, frateri wa zamu akazungusha mkono wa mashine mpaka bega likafa ganzi, na asubuhi karatasi zikaletwa darasani zikiwa bado na unyevu, herufi za o zimetoboka, mistari ya pembeni imefifia, hata aliyekaa nyuma akawa hana budi kumwuliza jirani yake kama hapo Socrates anakubali au anakataa. Kitabu chenyewe, ile Republic ya Penguin iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Desmond Lee mwaka 1955, kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kilikuwa kimevalishwa gazeti kuukuu na kushonwa mgongoni kwa uzi wa viatu. Ulikiazima kwa saa, na frateri mtunza maktaba alikuwa na saa ya mkononi.

Leo kimo katika simu ya kila mwanafunzi. Tafsiri ya Benjamin Jowett, ya karne ya 19, inapakuliwa bure. Kigiriki chenyewe kimewekwa mtandaoni na mradi wa Perseus wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani. Ukigusa neno, kamusi inafunguka. Binti wa kaka yangu, anayesoma falsafa chuo kikuu, alinionyesha hayo yote tukiwa barazani, na nilifurahi kwa moyo wote. Sisi Kigiriki tuliishia kwenye alfabeti na mistari michache ya Injili ya Yohane.

Hata hivyo uhaba ule ulikuwa na desturi zake. Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, kilisomwa kwa sauti. Baada ya chakula cha usiku, ugali wa unga wa njano wa msaada na maharage yaliyopikwa bila mafuta kwa sababu duka la ushirika halikuwa nayo, tulilitia karabai pampu kila jenereta ilipokosa dizeli, tukaizunguka meza ndefu ya chumba cha kusomea, na kitabu kikapita mkono kwa mkono: mmoja awe Socrates, mmoja Polemarchus, mmoja Thrasymachus, na yule mwenzetu wa Kagera mwenye sauti nzito akapewa kila mzee anayetokea. Plato aliandika mazungumzo, na mazungumzo yakisomwa kwa vinywa vingi unasikia mahali ambapo mtu amekubali kwa shingo upande. Jicho peke yake hupita hapo bila kusimama.

Wanaoikumbuka Republic wanakumbuka inavyoanza. Socrates ameteremka na Glaucon mpaka bandari ya Piraeus kusali na kutazama sikukuu ya mungu wa kike iliyokuwa ikifanyika kwa mara ya kwanza. Wakati wa kurudi Athens vijana wanamzuia, wanamwahidi mbio za mienge juu ya farasi usiku ule, na wote wanaingia nyumbani kwa mzee Cephalus. Mbio hizo hazitajwi tena. Usiku unaliwa na swali moja, haki ni nini, nalo linajaza vitabu kumi.

Mzee ndiye wa kwanza kujibu: haki ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anamwuliza, je, rafiki aliyekukabidhi silaha akiwa na akili timamu akirudi kuidai akiwa amerukwa na akili, utampa? Mzee anaona ugumu wa jambo, anamwachia mwanawe Polemarchus hoja hiyo kama urithi, anakwenda zake kumalizia sadaka. Tulimpenda mzee huyo. Kila mmoja wetu alikuwa na babu wa namna ile, mkarimu, mcha Mungu, asiyetaka maneno mengi. Polemarchus anashika zamu na kusema haki ni kuwafaa rafiki zako na kuwadhuru adui zako, na hapo chumba chetu kiligawanyika, maana wengi tulilelewa hivyo hivyo na hatukuona kosa lake mpaka Socrates alipouliza kama ni kazi ya mtu mwema kumfanya yeyote awe mbaya zaidi.

Thrasymachus tulimwona mfidhuli, ila mwaka 1983 alituingia. Machi ya mwaka ule ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Redioni zilikuja habari za misako. Sukari, sabuni, khanga na betri, vitu vilivyoadimika miezi na miezi, vikaokotwa vichakani vilikotupwa usiku na waliovificha, na watu waliozoea kupanga foleni tangu alfajiri kwa mche mmoja wa sabuni wakashangilia. Nasi tulishangilia. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alikuwa kipenzi cha vijana, na mpaka leo naamini nia yake ilikuwa safi. Kisha ikaja sheria yenyewe, imetungwa baada ya watu kukamatwa: mahakama maalumu, hakuna dhamana, hakuna wakili.

Ilitukuta katika kitabu cha kwanza cha Republic, pale Thrasymachus anaposema kwamba haki ni manufaa ya mwenye nguvu, kwamba kila serikali hutunga sheria za kuifaa yenyewe na kisha kuwaambia raia kuwa kuzitii ndiyo haki. Frateri mmoja alisema hapa kwetu imekuwa kinyume, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye aliyekamatwa na sheria imesimama upande wa mnyonge. Mwingine akamwuliza: na mnyonge akisingiziwa, nani atamsemea? Mwenzetu mmoja ambaye mjomba wake alikuwa na duka, na alikuwa ameshachukuliwa, hakufumbua kinywa usiku ule. Padri wetu, Mholanzi mzee wa kanzu iliyofubaa kwenye viwiko, alikaa kimya akisikiliza. Ilikuwa tabia yake kungoja. Mwishowe akamgeukia yule wa kwanza na kusema kwa Kiswahili chake cha Tabora, "Frateri, wewe mwenyewe ungekubali kuhukumiwa kwa sheria hiyo?"

Hatukupata jibu usiku ule, wala Padri hakulidai. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Mwaka huohuo sheria ile iliondolewa, ikaletwa nyingine iliyozipeleka kesi hizo Mahakama Kuu, na Katiba ikaingizwa haki za binadamu. Sidai kwamba Plato alihusika. Ninachosema ni kwamba mabadiliko yale yalipotangazwa sisi tulijua kilichokuwa kikibishaniwa, kwa sababu tulikuwa tumekibishania wenyewe chini ya karabai, mbele ya mtu ambaye jambo lile lilikuwa limemfika nyumbani.

Kuna jambo ambalo meza ile haikuweza kulijua, na nimelijua uzeeni. Binti wa kaka yangu aliniuliza, "Baba mdogo, unajua ile nyumba ya Cephalus iliishaje?" Sikujua. Maktaba yetu haikuwa na Lysias.

Lysias alikuwa mtoto mwingine wa Cephalus, ndugu yake Polemarchus, na katika Republic yumo chumbani akisikiliza. Baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa hotuba za mahakamani. Hotuba yake dhidi ya Eratosthenes imehifadhiwa, na huko ndiko binti alikoikuta habari yenyewe, kwa tafsiri ya bure, akiwa ndani ya daladala. Mwaka 404 KK Athens ilishindwa na Sparta, na utawala ukashikwa na watu thelathini. Walihitaji fedha, wakaamua kuwatwalia mali wageni wenye makazi mjini. Familia ya Cephalus, iliyotoka Syracuse, ilikuwa ya namna hiyo: walilipa kodi, waliutumikia mji, lakini hawakuwa na kura. Baadhi ya hao thelathini wenyewe walimkuta Lysias akiwa mezani na wageni. Walichukua ngao mia saba kutoka karakana ya familia, wakachukua watumwa mia moja na ishirini, dhahabu, fedha na nguo, na mmoja wao akamvua mke wa Polemarchus herini za dhahabu masikioni. Lysias alitoroka kwa mlango wa nyuma na kuvuka bahari usiku mpaka Megara. Polemarchus alikamatwa njiani na Eratosthenes, mmoja wa hao thelathini, akapelekwa gerezani, akaamriwa kunywa sumu bila kuambiwa kosa lake wala kusikilizwa. Familia ilikuwa na nyumba tatu. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kutoa maiti. Marafiki walichanga, huyu shuka, huyu mto wa kichwa, akazikwa.

Na kiongozi wa wale thelathini alikuwa Critias, binamu wa mama yake Plato.

Plato aliandika Republic miaka mingi baada ya hayo. Wasomaji wake wa kwanza walijua yote. Walipomsikia Polemarchus akisema haki ni kuwafaa rafiki na kuwadhuru adui, walijua ni watu gani walioutawala mji kwa kanuni hiyo na walimfanya nini yeye. Walipomsikia Thrasymachus, hawakuhitaji mfano. Mazungumzo yale tuliyoyasoma kana kwamba yanafanyika katika nyumba yenye amani, kumbe yanafanyika katika nyumba ambayo kila msomaji anajua itavunjwa. Nilikaa nalo jambo hilo siku kadhaa. Nikamkumbuka yule mwenzetu wa mjomba mwenye duka, na jinsi ambavyo ukurasa mmoja wa Lysias ungemfaa usiku ule kuliko maneno yetu sote.

Binti ana umri wa miaka ishirini na kitu. Ameisoma Republic vizuri kuliko tulivyoweza kuisoma.

Ndipo nikamwuliza yeye anasemaje, haki ni nini. Akanipa maoni ya wanazuoni wanne, yamepangwa safi, yupi anampinga yupi na kwa nini. Nikamwambia hayo nimeyasikia, nataka la kwake. Akafikiri kidogo akasema, "Hilo hatujawahi kuulizwa, Baba mdogo." Hakusema kwa kulalamika. Darasani kwao wako mamia, mhadhiri anasema kwa kipaza sauti, na mtihani ni wa kuchagua herufi: a, b, c au d. Simlaumu mhadhiri. Mamia ya vijana kusoma falsafa ni jambo ambalo miaka yetu halikuwaziwa, na mtu mmoja hawezi kusahihisha insha mia nne kila juma.

Sisi tulikuwa na mtihani wa mdomo. Aliyeupitia anaujua. Meza yenye kitambaa cha kijani, majaalimu wamekaa upande mmoja, kiti kimoja upande wa pili, na wewe umevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa tangu jana, unavuta kikaratasi chenye namba ya tasnifu, unaisoma kimya, unaanza kusema. Wenzako wamekaa nje kwenye benchi wakijaribu kusikia kupitia mlangoni. Hapakuwa na pa kujificha. Ukisema "inasemekana", unaulizwa nani anasema. Ukimtaja Aristotle, unaulizwa kama wewe unakubaliana naye. Ukikubali, unaulizwa swali la pili ambalo linaonyesha umekubali nini.

Padri alipenda mtihani wa Meno. Katika mazungumzo hayo Meno, kijana tajiri kutoka Thessalia, anauliza kama wema wa mtu hufundishwa, au hupatikana kwa mazoezi, au huzaliwa nao. Socrates anajibu kwamba yeye hajui hata huo wema wenyewe ni nini. Meno anatoa maana moja baada ya nyingine, zote zinavunjika, mpaka anamwambia Socrates kwamba anafanana na yule samaki wa baharini anayemtia ganzi kila anayemgusa. Kisha anaitwa mtoto mtumwa ambaye hajasoma hesabu. Socrates anachora mraba ardhini, kila upande futi mbili, eneo futi nne, na kumwuliza mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande gani. Mtoto anajibu kwa uhakika: futi nne. Wakihesabu wanapata kumi na sita. Anajaribu tatu, wanapata tisa. Hapo anakiri hajui. Baadaye, kwa maswali matupu, anafika kwenye mstari unaoukata mraba wa kwanza kona kwa kona, na juu ya mstari huo mraba wa futi nane unasimama.

Padri alikupa chaki uchore mwenyewe ubaoni. Ulipofika mahali mtoto amekwama, alikusimamisha. "Alipoanza alijua jibu. Sasa hajui. Je, amerudi nyuma au amesogea mbele?" Socrates ana jibu lake katika kitabu, nalo tulilijua, lakini Padri hakulitaka hilo. Alitaka ueleze kwa nini, na akangoja. Kimya cha mtihani ule kilikuwa kirefu. Katika kimya hicho nilijifunza kufikiri, na sijapata mahali pengine palipokuwa na kimya kama kile.

Juu ya wema wenyewe, seminari ilikuwa imeshachagua upande, na upande huo ulikuwa wa Aristotle. Alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akakaa katika shule ya Plato miaka ishirini, kisha akafundisha kwamba tunakuwa wenye haki kwa kutenda ya haki, na hodari kwa kutenda ya kihodari, vilevile fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Ratiba yetu yote ilijengwa juu ya kitabu chake cha pili cha maadili: kengele ya alfajiri, tafakari, misa, jembe, darasa, kimya kikuu cha usiku. Gombera, mkuu wa seminari, hakuwahi kututajia Aristotle alipotuagiza tupange ndala zetu sawasawa chini ya kitanda, ila ndiye aliyekuwa akisema.

Miaka imepita, nami nimeona matunda. Wengi wa wenzangu wale, walioendelea hadi upadri na tulioacha tukaenda kufundisha sekondari au kufanya kazi serikalini, wamekuwa watu wa kutegemewa, wanaofika kwa wakati na kurudisha chenji. Nimeona pia wachache waliokuwa wa kwanza kanisani kila asubuhi wakija kukutwa na fedha za umma. Plato aliliona hilo mapema. Ndani ya Meno, Socrates anawataja wakubwa wa Athens walioshindwa kuwapa watoto wao wema wao: Themistocles alimfundisha mwanawe kusimama wima juu ya farasi na kurusha mkuki akiwa hapohapo, lakini hakuna aliyesema kijana huyo alikuwa mwema kama baba yake. Anytus, mwanasiasa aliyekuwa akisikiliza, anakasirika na kumwonya Socrates achunge maneno yake. Mwaka 399 KK Anytus huyohuyo alikuwa miongoni mwa watatu waliomshtaki. Mazoea mema ni kitu kikubwa. Yasipoulizwa kamwe, yanakuwa na Anytus ndani yake.

Tulisoma wavulana watupu. Nalitaja kwa sababu katika kitabu cha tano Socrates anasema wanawake wenye kipaji wafunzwe sawa na wanaume na washiriki kuutawala mji, na sisi tulikijadili kitabu hicho jioni nzima bila mwanamke hata mmoja kuwepo, tukabishana kwa ari kama jambo hilo linawezekana, huku masista waliotupikia wakikusanya sahani za aluminiamu chumba cha pili. Leo katika darasa la binti wa kaka yangu wasichana ni wengi. Wanakisoma kitabu cha tano, wanauliza kwa nini katika mji huo wanawake wanazungumziwa pamoja na watoto kama mali ya pamoja ya walinzi, wanahamia kwa Aristotle na kukuta anasema wapo watu walio watumwa kwa maumbile na kwamba uwezo wa mwanamke wa kuamua hauna mamlaka. Wanasimama hapo. Kwetu kurasa hizo zilipitwa mbio. Faida hii ni kubwa, na hakuna karabai linaloweza kunifanya nitamani kuirudisha nyuma.

Lugha nayo ina hesabu yake. Darasani kwetu ilikuwa Kiingereza, na Kilatini kwa tasnifu zenyewe. Mezani usiku ilikuwa Kiswahili. Kilichosomwa kwa Kiingereza kilibishaniwa kwa Kiswahili, na Padri, aliyeisikia tofauti, alituruhusu kujibu mtihani wa mdomo kwa Kiswahili kila tulipokwama. Rafuni palikuwa na Juliasi Kaizari wa Mwalimu Nyerere, na Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyoletwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1971, hivyo hatukuwa na shaka kwamba watu wa kale wa Ulaya wangeweza kusema nasi bila mkalimani. Katika Cratylus watu wawili wanabishana kama majina ya vitu yana ukweli wa asili au ni mapatano tu, na Socrates anamaliza kwa kusema ni afadhali kujifunza vitu kutoka kwenye vitu vyenyewe kuliko kutoka kwenye majina yao. Tulilishika hilo, na lilitusaidia. Mtu aliyekaririshwa neno la Kiingereza alilazimika kuonyesha kitu chenyewe kwa Kiswahili, na mara nyingi ndipo ilipojulikana kama alikuwa nacho.

Miaka ile maneno yenye nguvu yalikuja redioni, na tulimsoma Gorgias tukijua tunasoma nini. Mtu huyo wa Leontini aliwasili Athens mwaka 427 KK kama mjumbe wa mji wake, akawapagawisha watu kwa ufasaha. Katika sifa zake za Helena aliita neno bwana mkubwa, lenye mwili mdogo usioonekana na kazi za kimungu. Plato alimjibu kwamba ufasaha usiojua haki unafurahisha ulimi na kuuacha mwili na maradhi yake. Leo maneno ya namna hiyo yanafika mfukoni mwa kila mtu usiku na mchana, sauti na picha, na vijana wanayapuuza mengi kwa wepesi ambao sisi hatukuwa nao. Wamechanjwa kwa wingi wake. Hilo nalihesabu upande wa faida.

Kinachonisumbua ni kingine. Katika Phaedrus, Socrates na rafiki yake wamekaa kando ya mto Ilissos chini ya mti, nyenje wakilia juu yao, na Socrates anasimulia habari ya mungu Theuth wa Misri aliyemletea mfalme Thamus ugunduzi wa maandishi. Mfalme akamwambia utawaletea watu usahaulifu, wataonekana wanajua mengi na kumbe hawajui. Socrates anaongeza lawama ya pili: maandishi ukiyauliza swali, yanarudia neno lilelile siku zote. Lawama hiyo ilidumu kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Sasa imekwisha. Binti wa kaka yangu anaiuliza akili mnemba kwenye simu kuhusu Meno, nayo inamjibu, anapinga, inajibu tena, usiku wa manane, bila kuchoka. Nimekaa pembeni yake na kuiona, na majibu mengi yalikuwa ya maana.

Lakini yeye ndiye anayeuliza, siku zote. Hakuna anayemwuliza yeye. Socrates hakupita sokoni akiulizwa. Alipita akiuliza, na aliyeulizwa alipaswa kusema anachokiamini yeye mwenyewe, mbele ya watu wanaomjua, na kubaki na neno lake hata likimgeukia. Thrasymachus aliona haya usoni mbele ya chumba kizima, na Plato hakusahau kuliandika. Katika Protagoras kuna hadithi kwamba Zeus alipoona binadamu wanaangamizana aliwapelekea vitu viwili kupitia kwa Hermes, haya na haki, akaagiza vigawiwe kwa wote, visiwe vya wachache kama ufundi mwingine. Vimetajwa pamoja, na naamini vinakwenda pamoja. Pale kwenye kiti kimoja mbele ya kitambaa cha kijani, ulihitaji vyote viwili.

Nilimwambia binti nitamfanyia mtihani wa mdomo. Alicheka, kisha akakubali, tukaanza na Meno. Alichora mraba kwenye karatasi, akafika mahali mtoto amekwama, nikamwuliza swali la Padri. Alinyoosha mkono kuchukua simu, akauacha mezani, akafikiri muda mrefu. Jibu alilotoa sikuwahi kulisikia kwetu. Alisema mtoto yule amesogea mbele, ila alisogezwa na mtu ambaye angeweza kuondoka jioni ile na kumwacha mtumwa vilevile, na kwamba Plato alipaswa kutuambia jina lake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa falsafa, wa seminari na wa vyuo vikuu: rudisheni mtihani wa mdomo. Najua darasa ni kubwa. Dakika kumi kwa kila mwanafunzi, mara moja kwa mwaka, kwa lugha anayoimudu, na msimwokoe haraka akinyamaza.